Kutoka Kerezo hadi Kigeugeu: Asili na Maana za Kitenzi cha Kiingereza 'Turn'

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayefungua kamusi ya Kiingereza ili kutafuta maana ya kitenzi 'turn' hukutana na orodha ndefu. Kitenzi hicho kimoja chaweza kumaanisha kuzunguka, kugeuka, kukata kona, kurudi, kuchacha kwa maziwa, kutimiza umri fulani, kukataa ombi, kuwasha taa, kufunga bomba, kutokea mahali bila kutarajiwa, na hata kwenda kulala. Kikitumiwa kama nomino, neno hilohilo huwa zamu, kona, mzunguko au tendo ambalo mtu amemfanyia mwenzake, jema au baya. Orodha hiyo ikisomwa bila historia huonekana kama mrundiko wa maana zilizokutana kwa bahati katika neno moja, na msomaji hana budi kuzikariri moja baada ya nyingine.

Ugumu huo haukuanza na wanafunzi wa leo. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alilalamikia kundi la vitenzi vya Kiingereza ambavyo maana zake ni pana na hazishikiki, kiasi cha kumwongezea kazi mtunga kamusi. Miongoni mwa vitenzi alivyovitaja vimo 'turn' na 'throw'. Kama itakavyoelezwa hapa chini, vitenzi hivyo viwili, ambavyo Johnson aliviona kuwa sawa kwa usumbufu, ni ndugu wa damu.

Makala haya yanajenga hoja kwamba mrundiko wa maana za 'turn' una mpangilio, na kwamba mpangilio huo ni wa kihistoria. Neno lilianza kama jina la chombo cha fundi, likawa kitenzi cha kazi ya chombo hicho, likatoka karakana na kuingia vitani, mahakamani, barabarani na majumbani. Kila mahali lilipopita liliacha maana moja au zaidi. Aidha, makala yanapinga maelezo mafupi yanayotolewa mara kwa mara kwamba neno hili ni mojawapo tu ya maneno ambayo Wanormani waliwaletea Waingereza baada ya mwaka 1066. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoonyesha namna lugha inavyokopa bila kupoteza nafsi yake.

2.0 Chombo cha Fundi

Asili ya mbali ya 'turn' ni nomino ya Kigiriki 'tornos'. Nomino hiyo ilitaja chombo cha kuchorea duara, na pia kerezo, yaani chombo kinachozungusha kipande cha mti au cha madini huku fundi akikichonga kwa patasi. Wanaisimu linganishi wanaihusisha nomino hiyo na mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya uliokuwa na maana ya kusugua, kutoboa na kuzungusha. Maana hizo tatu huenda pamoja pale mtu anapotoboa ubao kwa kekee: mkono huzungusha, ncha husugua, na tundu hutokea.

Kazi ya kukereza ni ya kale sana. Katika kaburi la Petosiris nchini Misri, lililojengwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, kuna picha ya mafundi wawili wakikereza. Mmoja anavuta kamba iliyozungushwa kwenye kipande cha mti ili kipande hicho kizunguke, na mwenzake ameshika chombo cha kuchongea. Warumi nao walikuwa na simulizi yao kuhusu mwanzo wa chombo hiki. Plinio Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo, anamtaja Theodorus wa kisiwa cha Samos kuwa ndiye aliyekivumbua. Simulizi za aina hiyo haziwezi kuchukuliwa kama ushahidi wa uvumbuzi, lakini zinaonyesha kwamba Warumi wenyewe walikihusisha chombo hicho na Wagiriki, kama walivyolipokea kutoka kwao jina lake.

Kilatini kiliifanya nomino hiyo kuwa 'tornus', kisha kikaunda kitenzi 'tornare', yaani kukereza au kuviringisha kwa kerezo. Mapema kabisa kitenzi hicho kilianza kutumika kisitiari. Mshairi Horatio, katika utungo wake kuhusu sanaa ya ushairi, anazungumzia mishororo iliyokerezwa vibaya ambayo yafaa irudishwe kwenye fuawe ili ifuliwe upya. Waingereza wa leo wanaposifu sentensi iliyonyooka na kulainika kwa kutumia neno hili, wanatumia sitiari iliyokwisha kutumika kabla ya lugha yao kuandikwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kazi ya kukereza ina matendo mawili ndani ya tendo moja. Kipande cha mti huzunguka, na wakati huohuo hubadilika umbo: kimeingia gogo, kinatoka mguu wa kiti. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba maana zote za baadaye za mzunguko na za mabadiliko zilitoka moja kwa moja katika tukio hilo la karakana. Ushahidi, hata hivyo, unaonyesha njia ndefu zaidi, kwa kuwa kati ya kerezo na mabadiliko ya hali kulikuwa na kituo kingine muhimu, nacho ni mwelekeo.

3.0 Kutoka Kuzungusha hadi Kurudi

Kilatini cha watu wa kawaida kilipoendelea kugeuka na kuwa lugha za Kirumi za zama za kati, 'tornare' kilipoteza kifungo chake na karakana. Katika Kiitaliano cha leo, kitenzi hicho kina maana ya kurudi, na Kihispania kina 'tornar' chenye maana iliyo karibu na hiyo. Mantiki ya mabadiliko hayo ni rahisi kuifuata. Kitu kinachozunguka hurudi kilipoanzia, na mtu anayegeuka nusu duara huwa ameshika njia ya kurudi alikotoka.

Kuna tukio moja la kihistoria linaloonyesha maana hizo zikigongana. Wanahistoria Theophylact Simocatta na Theophanes, walioandika kwa Kigiriki, wanasimulia habari za msafara wa jeshi la Bizanti katika eneo la Thrakia wakati wa utawala wa mfalme Maurice, aliyetawala kuanzia mwaka 582 hadi 602. Jeshi hilo lilikuwa likiwaendea Waavari usiku. Mzigo wa mnyama mmoja ulilegea na kuanza kuanguka. Askari mmoja alimpigia kelele mwenye mnyama ili ageuke na kuuweka sawa. Neno lililosikika lilikuwa 'torna' kwa simulizi ya Theophanes, na 'retorna' kwa simulizi ya Theophylact. Askari waliokuwa mbali hawakuuona mzigo. Walilisikia neno hilo kama amri ya kurudi nyuma, wakalirudia kwa sauti, na jeshi zima likakimbia kwa hofu wakidhani adui amewafikia.

Tukio hilo hutajwa zaidi na wanaoshughulikia asili ya lugha za Kirumi katika rasi ya Balkani. Kwa mtafiti wa semantiki lina funzo jingine. Neno moja lilikuwa na maana mbili zilizo hai kwa wakati mmoja: kugeuka na kurudi. Muktadha ndio uliokuwa ukizitenganisha, na gizani muktadha haukuonekana. Miaka 1,300 baadaye, mwaka 1897, Michel Bréal alilipa jambo hilo jina la polisemia katika kitabu chake kuhusu semantiki. Askari wale walilipata somo hilo kwa miguu yao.

4.0 Milango Miwili ya Kuingilia

Maelezo ya kawaida kuhusu msamiati wa Kiingereza husema kwamba maneno yenye asili ya Kilatini yaliingia kwa wingi baada ya Wanormani kuishinda Uingereza katika vita vya Hastings mwaka 1066. Kwa maneno mengi ya utawala, sheria na mapishi, maelezo hayo yanatosha. Kwa 'turn' hayatoshi.

Kiingereza cha Kale, lugha iliyozungumzwa kabla ya ushindi huo, tayari kilikuwa na vitenzi 'tyrnan' na 'turnian'. Vyote viwili vilikuwa na maana ya kuzunguka au kuzungusha, na vyote vilitokana na Kilatini. Maana yao finyu inadokeza kwamba vilichukuliwa karibu na chanzo, yaani karibu na wazo la mzunguko wa kitu kwenye mhimili. Hapakuwa bado na maana ya kubadilika hali, wala ya zamu.

Baada ya 1066, Kifaransa cha Kale kilileta 'torner' au 'turner', mtoto mwingine wa 'tornare', aliyekuwa amekulia katika nyumba tofauti. Kitenzi cha Kifaransa kilikuja na mzigo wa maana zilizokwisha kukomaa: kugeuza uso, kubadilisha mwelekeo, kurudi, kuelekeza jambo kwa mtu. Katika Kiingereza cha Kati vitenzi hivyo viwili vilikutana na kuungana kuwa 'turnen'. Kwa kuwa sauti zao zilikuwa karibu na maana zao zilipakana, msemaji wa karne ya 13 hakuwa na sababu ya kuvitenganisha. Hivyo basi, si sahihi kusema kwamba Wanormani walileta 'turn'. Walikikuta mlangoni, wakakiongezea nguvu na upana.

Matamshi ya leo ni matokeo ya mabadiliko ya baadaye. Katika Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, irabu zilizoandikwa kwa e, i na u mbele ya r ziliungana na kuwa sauti moja, ndiyo maana irabu ya 'turn' husikika sawa na ile ya 'fern' na ya 'bird' ingawa tahajia zake ni tofauti. Tahajia imehifadhi kumbukumbu ambayo ulimi umeisahau.

5.0 Vitenzi Vilivyoondoka

Neno geni linapoingia katika lugha, swali la kwanza la mwanahistoria huwa ni hili: nani alikuwa akiifanya kazi hiyo kabla yake? Kiingereza cha Kale hakikukosa maneno ya kugeuka. Kilikuwa na 'wendan', 'cierran', 'hweorfan' na 'thrawan', kila kimoja na eneo lake. Hatima ya vitenzi hivyo ni sehemu ya historia ya 'turn'.

Kitenzi 'wendan' kilikuwa na maana ya kugeuza na kugeuka, kisha kikawa na maana ya kushika njia na kwenda. Umbo lake la wakati uliopita, 'went', lilichukuliwa na kitenzi 'go', ambacho umbo lake la kale la wakati uliopita lilitoweka. Kila mwanafunzi anayekariri kwamba wakati uliopita wa 'go' ni 'went' anatumia, bila kujua, kipande cha kitenzi cha kugeuka. Kitenzi 'wend' chenyewe kimebaki katika maandishi ya kifasihi tu.

Kitenzi 'thrawan' kilikuwa na maana ya kusokota na kuzungusha. Leo kimekuwa 'throw', yaani kutupa. Maana ya kale imebaki katika ufinyanzi, ambako mfinyanzi anayefinyanga chungu kwenye gurudumu linalozunguka husemwa kwa Kiingereza kuwa 'anakitupa' chungu, ilhali hatupi chochote. Neno 'thread', uzi, linatokana na kitenzi hichohicho, kwa kuwa uzi ni kitu kilichosokotwa. Wanaisimu linganishi wanakihusisha 'thrawan' na mzizi uleule wa kale uliozaa 'tornos' ya Wagiriki. Kwa maneno mengine, 'throw' alibaki nyumbani kaskazini mwa Ulaya wakati jamaa yake alipitia Ugiriki, Roma na Ufaransa kabla ya kukutana naye tena Uingereza. Johnson alipoviweka pamoja katika lalamiko lake hakuwa na habari za udugu huo.

Kitenzi cha tatu kinachohitaji kutajwa ni 'weorthan', kuwa au kugeuka kuwa. Hiki kina asili moja na 'werden' cha Kijerumani na 'vertere' cha Kilatini, na mzizi wao ulikuwa na maana ya kugeuka. Kijerumani kimekihifadhi kitenzi hicho kama nguzo ya sarufi yake. Kiingereza kilikipoteza katika zama za kati, na pengo lililobaki likajazwa na vitenzi kadhaa: 'become', ambacho awali kilimaanisha kufika, 'grow', ambacho kilimaanisha kuota na kukua, na 'turn'. Kila kimoja kilichukua sehemu ya urithi.

6.0 Mahakamani, Uwanjani na Barabarani

Familia ya Kifaransa ya neno hili iliingia katika taasisi za utawala. Afisa wa mfalme katika wilaya, aliyeitwa sherifu, alikuwa na ziara ya kimahakama ya kuzungukia maeneo madogo ya wilaya yake, nayo iliitwa 'tourn'. Toleo la Hati Kuu la mwaka 1217 liliweka mpaka: ziara hiyo ifanyike mara mbili tu kwa mwaka, baada ya Pasaka na baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Mpaka huo haukuwekwa bure. Ziara ya sherifu iliambatana na faini na gharama kwa wenyeji, na kila mzunguko wa ziada ulikuwa mzigo juu ya migongo yao. Mahakama hiyo iliendelea kuwapo kisheria, ingawa ikidhoofika, hadi ilipofutwa na Sheria ya Masherifu ya mwaka 1887.

Neno 'attorney', wakili, linatokana na kitenzi cha Kifaransa cha Kale kilichomaanisha kumwelekezea mtu jambo au kumteua. Wakili ni mtu ambaye shauri la mwingine limegeuziwa kwake. Neno 'tournament', mashindano, lilitokana na mchezo wa kivita wa wapanda farasi, ambao waligeuza farasi wao ili kukabiliana upya. Leo neno hilo hutumika kwa mpira wa miguu na hata kwa mchezo wa bao, mahali ambapo hakuna farasi hata mmoja.

Maana ya zamu ilizaliwa katika mazingira yayo hayo ya mzunguko. Jambo linalowazungukia watu mmoja baada ya mwingine humfikia kila mmoja kwa wakati wake. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mzunguko na kwa zamu, ilhali Kiswahili kimetenga nomino 'zamu' kwa kazi hiyo.

Karakana nayo haikusahauliwa. Jina la ukoo 'Turner', ambalo ni la kawaida sana Uingereza, lilianza kama jina la kazi: fundi wa kukereza. Chama cha mafundi hao mjini London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1604. Katika misitu ya vilima vya Chiltern, karibu na mji wa High Wycombe, mafundi waliendelea hadi karne ya 20 kukereza miguu ya viti kwa chombo chepesi. Mti mwembamba unaonepa ulifungwa juu, kamba ikashuka na kuzunguka kipande kinachochongwa, kisha ikaunganishwa na kanyagio. Mguu ulipokanyaga, kipande kilizunguka kumwelekea fundi naye akachonga. Mguu ulipoinuka, mti wa juu uliivuta kamba na kipande kikazunguka kinyume. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vimefuata njia nyingine. Kerezo ya chuma ya Henry Maudslay, iliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 18, iliwezesha kukata hesi za skrubu kwa usahihi uliozidi ule wa mkono, na mashine za aina hiyo ndizo zilizotengeneza sehemu za mashine nyingine.

7.0 Kugeuka kuwa

Maana ya mabadiliko ya hali ndiyo inayoleta utata mkubwa kwa mfasiri. Katika Kiingereza, maziwa hu-'turn', majani ya miti hu-'turn' rangi, na mtu hu-'turn' miaka arobaini. Kifaransa nacho husema kwamba maziwa yamegeuka. Kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba Kiingereza kilibuni maana hiyo peke yake. Linaloweza kusemwa ni kwamba kuondoka kwa 'weorthan' kuliacha nafasi, na 'turn' kikaijaza kwa upande wa mabadiliko yanayoonekana kama kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Upande huo wa pili ulikuwa na uzito wa kisiasa. Katika karne ya 16 na ya 17, Waingereza walikuwa na msemo wa 'kugeuka Mturuki', wakimaanisha Mkristo aliyesilimu. Mabaharia wengi wa Uingereza walitekwa au walihamia katika miji ya pwani ya Afrika Kaskazini, na baadhi yao walisilimu. Aliyejulikana zaidi alikuwa haramia John Ward, aliyefanya makao yake Tunis. Mwaka 1612 ilichapishwa tamthilia ya Robert Daborne kuhusu Ward, na kitenzi 'turn' kimo ndani ya anwani yake.

Matumizi hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Msemo huo haukumweleza mtu aliyefikiri, akaamini na kuchagua. Ulimweleza mtu aliyegeuka, yaani aliyewapa mgongo wenzake. Dini na utaifa vilichanganywa kuwa kitu kimoja, na kitenzi cha mwelekeo kikabeba hukumu. Katika karne ya 16 pia lilipatikana neno 'turncoat', anayegeuza koti, kwa mtu anayehama upande. Kiswahili kinafahamu sitiari hiyohiyo. Kutokana na mzizi wa 'geuka' kimepata 'kigeugeu', mtu asiye na msimamo, na kutokana na mzizi huohuo kimepata 'mageuzi', neno la sifa katika siasa. Mzizi mmoja hulaumu na kusifu. Tofauti haimo katika tendo la kugeuka. Imo katika mahali aliposimama anayetazama.

8.0 Bomba, Taa na Kitufe

Kundi la maana linalowasumbua zaidi wanafunzi ni lile ambalo kitenzi hufuatwa na neno dogo la mwelekeo. 'Turn on' ni kuwasha au kufungua, 'turn off' ni kuzima au kufunga, 'turn down' ni kukataa au kupunguza, 'turn in' ni kukabidhi au kwenda kulala. Hapa pia historia ya vitu husaidia. Maji ya bomba na gesi ya taa vilidhibitiwa kwa koki iliyozungushwa kwa vidole. Mtu aliyefungua gesi alizungusha kitu kwa hakika. Umeme ulipochukua nafasi ya gesi, msemo ulibaki ingawa swichi nyingi hazizungushwi bali hubonyezwa. Leo simu ya mkononi huwashwa kwa kuguswa tu, na bado Kiingereza husema kwamba imezungushwa.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Kimeupa umeme kitenzi cha moto, 'washa', na kitenzi cha kuua moto, 'zima'. Maji kimeyapa kitenzi cha mlango: bomba hufunguliwa na kufungwa. Lugha zote mbili zimehifadhi teknolojia ya zamani ndani ya teknolojia mpya. Kiingereza kimehifadhi koki, Kiswahili kimehifadhi jiko na mlango. Mfasiri anayetafuta kisawe kimoja cha 'turn on' hatakipata, kwa sababu hatafsiri neno peke yake. Anahama kutoka kumbukumbu moja ya vitu hadi nyingine.

9.0 Kazi ya Kamusi

Juhudi kubwa kabisa ya kuzipanga maana hizi ilifanywa na Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928. Kamusi hiyo iliongozwa na kanuni ya kihistoria: maana hupangwa kwa kufuata umri wake, na kila moja huthibitishwa kwa matumizi yaliyoandikwa. Mhariri wake mkuu, James Murray, alihariri mwenyewe herufi kadhaa, ikiwamo T. Sehemu ya mwisho aliyoikamilisha kabla ya kufariki mwezi Julai 1915 ilikuwa ya herufi hiyo, nayo ilifikia maneno yanayoanza kwa 'turn'. Mtu aliyetumia zaidi ya miaka thelathini kufuatilia maneno alimalizia safari yake kwenye kitenzi cha kuzunguka na kurudi.

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zilikuwa na lengo tofauti. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996 ziliandikwa ili kumpatia mtumiaji kisawe cha kutumia, si historia ya neno. Lengo hilo ni halali. Hata hivyo, kidahizo chenye maana nyingi kama 'turn' kingeeleweka vyema zaidi kama maana zake zingewekwa katika makundi manne yanayofuata mkondo wa historia yake: mzunguko na umbo ('zungusha', 'kereza'), mwelekeo ('geuka', 'pinda', 'rudi'), hali ('geuka kuwa', 'badilika', 'chacha') na mfuatano ('zamu'). Mpangilio huo haungeongeza maneno mengi katika kamusi. Ungempunguzia mwanafunzi kazi ya kukariri kwa kumpa sababu.

Kiswahili chenyewe kimeipokea familia hii kwa mlango mdogo. Neno 'taniboi', linalomtaja msaidizi wa dereva wa lori, ambaye wengine humwita utingo, linahusishwa na Kiingereza cha barabara za Afrika Mashariki, nalo lina 'turn' ndani yake. Likiwa limevaa sauti za Kiswahili, haliulizi tena ruhusa ya mtu.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maana nyingi za 'turn' ni vituo vya safari moja. Kerezo ya Wagiriki ilizaa kitenzi cha kukereza cha Warumi. Kitenzi hicho kilipotoka karakana kikawa cha kugeuka na kurudi, kikaingia Uingereza mara mbili, mara ya kwanza kwa Kilatini na mara ya pili kwa Kifaransa, kikachukua sehemu za kazi za vitenzi vya wenyeji, kisha kikaenea katika sheria, dini na matumizi ya vyombo vya nyumbani.

Funzo lake kwa wanaokisoma Kiswahili linahusu mjadala wa zamani juu ya ukopaji. Mara nyingi wingi wa maneno ya Kiarabu katika Kiswahili umetumiwa kama hoja ya kutilia shaka Ubantu wake. Mfano wa 'turn' unaonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Hakuna anayesema Kiingereza si lugha ya Kijerumaniki kwa kuwa kitenzi chake cha kugeuka kina asili ya Kigiriki. Neno hilo lilivishwa viambishi vya Kiingereza, likaambatanishwa na maneno madogo ya Kiingereza, likafanya kazi ambazo halikuwahi kuzifanya Roma wala Paris. Ndivyo Kiswahili kilivyolifanyia neno la Kiarabu lililozaa 'badili', kikalinyumbua kuwa 'badilika', 'badilisha' na 'badilishana'. Tofauti moja yafaa kutiliwa maanani: Kiingereza kilivipoteza vitenzi vyake vingi vya kugeuka, lakini Kiswahili kilikipokea 'badilika' bila kukifukuza 'geuka'. Vyote viwili vingali hai, kila kimoja na eneo lake, na mwenye lugha anaendelea kuchagua kati yake.